Sifuri za Mbalamwezi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Miguu imevimba tena. Daktari kasema moyo umechoka — akataja miezi mitatu, pengine minne. Nikamwuliza namba hiyo kaipata wapi. Akacheka. Ni wagonjwa wengine, Mzee Elikana, tunaangalia wao walikwendaje. Basi na mimi nimeingia kwenye wastani wa mtu!

Saa nne alikuja Shadia. Mtafiti kijana, binti wa Ujiji, anamalizia shahada yake ya juu kabisa. Madaftari yangu ya utafiti wa dagaa wa mwalo wa Katonga, ufukweni wanakoshusha samaki, 1985 hadi 1993, kayaingiza yote kwenye kompyuta. Shikamoo babu, karanga mkononi, adabu tele. Akanionyesha mchoro. Mstari unakwenda sawa, unakwenda sawa, halafu 1989 — pu! — unaporomoka. Anauita Anguko la Katonga. Ijumaa ya wiki ijayo anausoma mkutanoni: kwamba dagaa walimalizwa na nyavu, si joto la maji, kwa kuwa waliporomoka kabla joto halijapanda. Anapendekeza nyavu zipunguzwe tena.

Akauliza, babu, mbona kuanzia hapo kuna sifuri nyingi hivi?

Nikamjibu: siku hizo samaki waligoma.

Uongo. Nina miaka themanini na moja na bado nadanganya bila hata kumeza mate.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Niandike kabla mkono haujakataa. Hakuna wa kusoma humu. Binti yangu Catherine haoni bila miwani, na miwani yenyewe niliikalia juzi.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Taa inawakusanya, wavu unawainua. Mwezi ukipevuka, mwanga unazagaa ziwa zima na taa inakuwa kazi bure. Kwa hiyo siku nane au tisa kila mwezi mwalo wote unapumzika. Watu wanashona nyavu, wanaposa, wanagombana. Mtoto yeyote wa Katonga analijua hili. Nami nililijua.

Hadi mwisho wa 1988, siku hizo niliweka kistari. Maana yake: hawakwenda. Januari 1989 ikaja fomu mpya, na kompyuta yake. Mtaalamu wa mradi wa uvuvi akasema kila kisanduku kiwe na namba, mashine ikikuta kistari inagoma. Nikaandika 0. Sikumwuliza mtu. Nililiona ni jambo la karani.

Kistari kilikuwa kinasema hatujui. Sifuri ikasema tunajua, na hamna kitu. Tisa katika siku thelathini! Wastani ukashuka karibu theluthi. Samaki walikuwa mle mle majini, wazima kabisa. Niliwaua kwenye karatasi.

Niligundua 1991, nilipokuwa napiga hesabu kwa mkono kwa sababu umeme umekatika. Ripoti ya kuporomoka kwa dagaa nilikwisha isoma mbele ya watu. Safari ya kwenda kusoma nje nilikwisha ahidiwa. Nilikaa na penseli mpaka chai ikapoa. Kisha nikafunga daftari.

Na hili ndilo baya kuliko yote: niliendelea kuandika sifuri miaka miwili zaidi. Safari hii kwa makusudi. Ningerudisha vistari, mstari ungepanda, na watu wangeuliza.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Thobias kaja kwa miguu kutoka Katonga. Kaka wa mke wangu, marehemu Rozalia. Mvuvi — alikuwa mvuvi. Mwaka 1990, kwa ajili ya ripoti yangu, nusu ya nyavu za mwalo zilikusanywa zikachomwa pale pale mchangani. Zake zote mbili zilikuwamo. Nailoni ikiungua inatoa moshi mweusi, inanuka mpaka kwenye nguo. Rozalia alihamia kwa kaka yake wiki mbili. Aliporudi hakuniuliza tena habari za kazi yangu, hata siku moja, mpaka alipokufa. Thobias akaenda kubeba mizigo bandarini. Mwanawe wa kwanza, Bariki, akaachia shule kidato cha pili.

"Mwakeye, shemeji!" akanisalimia kwa Kiha. "Hujafa tu?"

"Nangoja ruhusa."

"Nimekuletea dagaa. Usiwahesabu. Kula."

Nikamwambia habari za sifuri. Si zote — ile miaka miwili ya mwisho niliiruka. Alikuwa anatafuna karanga za Shadia. Hakuacha kutafuna.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe. Nashona wavu, wewe unapita na daftari lako. Nikakuambia, shemeji, leo unapima nini na watu tumelala? Ukainama ukaandika yai."

"Mbona hukusema?"

Hapo akaacha kutafuna, akanikumbusha. Alisema. Siku niliposoma ripoti, mbele ya mwalo mzima, alinyoosha mkono akasimama. Nami nikamjibu kwa kipaza sauti: shemeji, hayo ni maneno ya mchangani, hapa tunazungumza sayansi. Watu wakacheka.

Sikumbuki. Nimejaribu tangu ameondoka. Lakini naamini, maana maneno hayo yanafanana nami mno.

Mlangoni aligeuka. "Ulihesabu mwezi, shemeji. Samaki hukuwahesabu."

Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Kinachonichoma zaidi: dagaa wamepungua kweli. Si mwaka ule. Baadaye, polepole, kadiri maji yalivyopata joto. Joto nililipima mwenyewe, kwa kipimo kizima, na naapa kwa vipimo vile. Ziwa limekuja kuutetea uongo wangu miaka thelathini baada ya kuusema! Nilipata jibu kwa hesabu mbovu, nikavishwa koti la mtaalamu.

Nikisema, wapo watakaodai namba zote ni za uongo, tuvue tu mpaka wa mwisho. Nikinyamaza, nyavu zinabebeshwa kosa lisilo lao, na joto linaachwa liendelee na kazi yake.

Mguu wa kushoto sasa hauingii kwenye kiatu.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nilimpigia Shadia. Alikuja baada ya adhuhuri. Nikamweleza fomu, vistari, sifuri, daftari nililolifunga 1991. Alinishika mkono. Vizuri kabisa alinishika, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Catherine akasema kutoka jikoni kwamba ni dawa. Baba anachanganya mambo siku hizi, jana kaniita mama.

Shadia akasema, pumzika babu, umetufanyia kazi kubwa. Siku za mbalamwezi mliziondoa kwenye hesabu, imeandikwa kwenye mwongozo, ukurasa wa nne.

Mwongozo niliuandika mimi! Niliuandika 1986, kabla ya ile fomu. Hakuna aliyeurekebisha. Hata mimi sikuurekebisha.

Nilipodanganya, waliniamini kwa sababu ya cheo. Leo nasema kweli, ni dawa.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Sikushuka kitandani. Catherine kaniosha kama mtoto. Aibu.

Ushahidi uko wapi? Thobias? Watamwambia nilichomwambia mimi: maneno ya mchangani.

Mwezi! Mpumbavu mimi, wiki nzima sikuufikiria. Mwezi hauna cheo wala haumezi dawa. Siku ulizopevuka mwaka 1989 zinajulikana mpaka leo, mtu yeyote anaweza kuzitafuta.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Shadia kapita kuaga. Mkutano ni kesho saa tatu. Thobias alikuwa amekwisha fika, kakaa kwenye kiti cha Rozalia.

Nikamwambia Shadia: usiniamini. Fungua simu, tafuta mwezi ulipevuka lini mwaka 1989. Kisha fungua jedwali lako.

Alimtazama Catherine. Thobias akamwambia, fungua, mwanangu, mimi sijameza dawa yoyote. Shadia akacheka, akafungua. Kwa heshima tu, niliona.

Januari, mwezi mpevu tarehe 21. Sifuri: tarehe 17 hadi 25. Akasema inaweza kutokea, babu, ni bahati tu.

Februari, tarehe 20. Sifuri: 16 hadi 24.

Machi, 22. Akaacha kusoma kwa sauti.

Sasa amehamia kwenye kizingiti, ametupa mgongo. Naandika huku namwangalia. Chai aliyoletewa hajaigusa. Kidole kinashuka kwenye kompyuta, kinasimama, kinashuka. Simu imeita mara mbili, hakupokea. Catherine amesimama na sinia, hajui aende wapi. Thobias amefumba macho — amelala, au anajifanya.

Shadia katamka mara moja tu, taratibu: "Agosti, kumi na saba."

Ningefurahi. Nilidhani ningefurahi. Msichana huyu kafanya kwa nusu saa jambo nililolikimbia miaka thelathini na minne. Lakini kaelekea mbele zaidi, haachi. 1990. 1991. Sikumwambia aende huko.

Amegeuka. Uso wake si wa mjukuu tena. Ni uso wa mtafiti, naujua, nilikuwa nao zamani.

"Babu, ulisema uligundua 1991."

Ndiyo.

"Mbona 1992 na 1993 sifuri bado zipo? Kila mbalamwezi. Hakuna hata moja iliyokosekana."

Thobias amefumbua macho. Hamtazami Shadia. Ananitazama mimi.

Wananisubiri wote wawili, na mimi bado naandika