Kijiti cha Mkomamanga Kaburini kwa Mama

Limuru, 7 Machi 1965

Dada yangu Mwanatumu,

Shikamoo. Natumai nyote hapo Munje mu wazima, na kikohozi cha Baba kimepungua. Mimi sijambo, ila kwa baridi ya huku navaa sweta mbili na bado natetemeka kila asubuhi niingiapo kwenye kitalu cha miche.

Dada, vile vijiti kumi nilivyovikata kwenye mkomamanga wa Mama, siku ulipoangushwa kupisha meko ya kupikia hitima yake, vimekufa vyote. Kazi yangu hapa ni kujaza udongo tu, sikujua. Nilichagua matawi yenye maua kwa sababu Mama aliyapenda, nikayafunga kwa gazeti kavu na kupanda gari la moshi. Mzee Njoroge, msimamizi wetu, alipoyaona alicheka.

"Wewe mtu wa pwani, umetuletea kuni?"

"Ni za mti wa mama yangu, Mzee. Amefariki."

Kisha akapiga magoti tukavipanda pamoja. Akaniambia tawi lenye maua humaliza nguvu zake kwenye maua, likakosa za kutoa mizizi, na udongo wa huku ni baridi mno. Hapo nikamkumbuka Mama akitusimulia alivyouleta mti ule kutoka kwao Funzi alipoolewa: kijiti kimoja, kimeviringwa ndani ya leso iliyoloweshwa. Kisa hicho nimekisikia mara ngapi, na bado nikachukua gazeti kavu!

Ndiyo maana barua yako imenitoa machozi. Unasema kijiti ulichokichomeka kaburini siku ya maziko kimechipua, nawe ukakivuta kidogo uone kama kimeshika. Tafadhali, Dada, usikivute tena. Majani huweza kutoka kwa utomvu uliobaki tu, mizizi bado. Na mizizi michanga ukiivuta hukatika. Kitilie kivuli cha makuti. Kimwagie maji kidogo kila jioni, usingoje ziara ya Ijumaa. Kikitoa tumba la ua, likate, ingawa najua litakuuma. Hatuna kingine cha mti wake.

Nisalimie Baba, na mjomba wetu wa Funzi. Shemeji, mumeo, mwambie sina kinyongo naye kwa lile shoka alilouangushia mti. Wageni walipaswa kula.

Na jioni, ukiinama kukimwagia maji, unikumbuke na mimi.

Nduguyo,
Hamisi