Ugonjwa Ambao Haukutumwa

Cheyo, Tabora.

Kaka Mahona,

Shikamoo. Natumaini umzima, wewe na wifi Katarina na watoto, na kwamba tumbaku imekauka vizuri mabanini, kwenye vibanda vya moto. Mimi naweza kushika kalamu, basi nashukuru. Ningepiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza.

Unakumbuka ilivyoanza. Pete ya ndoa ilikatwa na fundi kwa msumeno, viatu vikawa havinitoshi, taya likajitokeza, na sauti ikawa nzito hadi wanafunzi wangu wakaniiga mlangoni mwa darasa. Mume wangu Valentino alihamia chumba kingine, kisha kwa mwanamke mwingine. Huko nyumbani Usinge mkasema mtu habadiliki sura bure. Ukamwita mganga, akapasua kuku, akasema mkono ni wa shangazi Tekla, dada wa tumbo moja na marehemu baba. Macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, yakawa ushahidi. Nilikuwa nimelazwa kwa maumivu ya kichwa nilipoambiwa kuwa nyumba yake imechomwa, na kwamba wewe ndiye uliyemwambia asionekane tena kijijini.

Nilikuandikia ujumbe nikikusihi umwache. Ulinijibu kwamba unanipigania.

Kaka, walinipasua Dar es Salaam kupitia puani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, haizidi punje ya kunde, na kwangu ilikuwa imeota uvimbe uliomwaga homoni ya ukuaji mwilini kana kwamba mimi bado mtoto. Hiyo ndiyo iliyokuza mikono yangu na uso wangu. Haikutumwa na mtu.

Kile walichokitoa kilipelekwa maabara. Daktari Najiat, aliyenisimamia, alinieleza kwa utaratibu mpaka nikaelewa. Alisema chembe ya mwili inapojiandaa kugawanyika hutengeneza protini fulani, na inapopumzika protini hizo hupotea. Wakizipaka rangi na kuzitazama kwa darubini, wanaona ni chembe ngapi ziko kazini. Kwenye uvimbe wa aina yangu kwa kawaida huwa chache sana. Kwangu zilikuwa nyingi. Nikamuuliza kama maana yake ni kwamba uvimbe utarudi. Alisema hawezi kuapa. Hiyo ni dalili tu, kuna wenye nyingi wanaokaa salama na wenye chache wanaorudiwa, lakini mimi nifuatiliwe kwa karibu. Nilicheka, akashangaa. Nilikuwa nawaza kwamba huyu aliyeona kwa macho yake anasema huenda, na yule wa kuku alisema ni Tekla, nanyi mkachukua kiberiti.

Mwezi uliopita picha zilionyesha kwamba uvimbe umeanza kuota tena. Nitaanza mionzi.

Sasa nisikilize. Uliponiuliza nani ananiuguza Dar, nilikwambia ni mama mmoja wa kanisani. Alikuwa shangazi Tekla. Baada ya kuchomewa nyumba alikuja kwangu Cheyo akiwa na kanga moja na mkono uliobabuka, na hakuniacha tena. Ndiye aliyenilisha uji, akaniosha damu puani, akalala sakafuni kando ya kitanda changu cha hospitali. Nilimficha kwa sababu niliogopa mngemfuata.

Lakini kilichonivunja si hicho. Nilipomsimulia maneno ya daktari aliniambia kwamba nilipokuwa msichana niliwahi kumjibu vibaya, naye kwa hasira akasema nikue hadi milango inikatae. Miaka yote hii alidhani mganga amesema kweli. Alikuwa ananiuguza huku akiamini ni yeye aliyeniua.

Akaniuliza, "Kwa hiyo kwenye hizo protini, mimi simo?"

Nikamwambia, "Hapana, shangazi, humo. Hukuwamo kamwe."

Alilia kama mtoto, kaka. Alilia mpaka nikamfunika.

Amefariki Jumapili iliyopita, kwa homa ya mapafu. Tumemzika hapa Tabora, mimi na majirani wachache, na mchungaji ambaye hakuwa akimfahamu. Sikukuita. Dada wa baba yako amezikwa na watu baki, na ndivyo nilivyotaka.

Habari kwamba uvimbe umerudi zitafika Usinge. Usimtafute bibi mwingine wa kumsingizia. Ukiwa mwanamume, simama kanisani Jumapili, useme mbele ya watu kwamba Tekla hakuwa mchawi na kwamba nyumba yake mliichoma bure. Usipoweza, basi usije kwenye mazishi yangu yakifika.

Nisalimie wifi na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Salamu za shangazi sikuziandika. Kabla hajafariki nilimuuliza kama anazo za kukutumia, akageukia ukutani.

Mdogo wako,
Levina