Malkia, Mfalme na Mashine Yangu ya Kushona

Kamina, Alhamisi

Yaya, dada yangu mpenzi,

Mvua hapa hainipi nafasi hata ya kuanika kitambaa. Mashine yangu nimeikuta kwa shemeji Ferdinandi, aliyeichukua baada ya kilio akisema ni mali ya kaka yake. Unakumbuka marehemu mume wangu alivyoipaka mafuta ya kazini kwake relini kila Jumapili, ingawa mshonaji nilikuwa mimi.

Jana mezani Ferdinandi, ambaye ni mwalimu, alitusimulia jinsi vita vikubwa vya zamani vya Ulaya vilivyoanza. Mfalme wa Prusia alimnyang'anya malkia wa Austria jimbo, akakataa kulirudisha.

"Ule mufalme iko mwizi," alisema kwa uchungu, kiwiko chake juu ya mashine yangu.

"Na malkia?" mama mkwe aliuliza.

"Alishikana na Wafaransa, maadui yake ya zamani. Waingereza, marafiki yake, bakaenda kwa mufalme. Njo mufalme akaingia Saksonia kwa nguvu, vita ikafika mpaka Amerika na India."

Mama mkwe, ambaye tangu harusi yangu hajaonja hata tonge la bukari ya mkono wangu, alisogeza kiti karibu nami, akamega tonge kwenye sahani yangu.

"Ferdi, rudisha mashine ya huyu mutoto, mbele ya vita kufika Bukama."

Ameirudisha. Jumamosi tunashuka hapo kwako Bukama na treni. Nasema tunashuka kwa sababu mshirika wangu mpya, mama mkwe, anakuja nami, na hajasema atakaa mpaka lini. Mtandikie kitanda changu. Mimi nitalala kitandani kwako, kama tulipokuwa wadogo.

Akulinde Mungu mpaka nikukumbatie,
mdogo wako Yosefina