Mjomba, Tundu Lako Ndilo Lililoingiza Maji

Mjomba Makame,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno jengine kabla ya hilo.

Nna habari imenijaa kifuani tangu juzi. Nimemwambia mama, akasema "Haya, hongera," akaendelea kukuna nazi. Nimewaambia majirani, wakacheka. Wewe peke yako ndiye ungelinyanyuka kitini ukasema "Hebu rudia, Time!" Basi nimekaa hapa hapa gereji kwako, Bububu, mikono imejaa grisi, nakuandikia wewe.

Mjomba, ulikosea! Lile tundu ulilokuwa ukitoboa chini ya taa za bampa, zile ndogo za ukungu, ili maji yatoke, ndilo hilo hilo linaloyaingiza! Usinune kwanza. Nisikilize nikueleze mambo yalivyokwenda.

Ulipotutoka, wateja wako walikuja maziko, wakaja hitima, kisha hawakuja tena. Si kwa ubaya. Walipita na magari yao, wakapiga honi, wakanipungia mkono, wakenda kwa mafundi wengine. Miaka saba nimekushikia vibanio vya betri, nimefuata nyaya za watu chini ya dashibodi mpaka shingo ikapinda, lakini machoni mwao mimi nilikuwa mpwa wa Makame anayechemsha chai. Kombo, mwanao, alinivumilia. Yeye ndiye mwenye funguo, na kila asubuhi alikuja kunifungulia. Mwisho akanambia, kwa upole kabisa, "Time, dada yangu, mwezi ukiisha nataka banda. Nnataka kuuza makava ya simu. Siwezi kumfungulia kila siku mtu asiyekuwa na kazi." Sikumlaumu.

Jumanne ile, mvua imekatika kidogo, ikaingia gari ya Bi Zuwena wa Jambiani. Unamkumbuka, yule mwenye kutengeneza sabuni za mwani, anayezileta mwenyewe madukani Mlandege. Alishuka akanionesha taa. Mjomba, zile hazikuwa taa, zilikuwa mitungi! Maji nusu, na juu yake ukoko wa kijani.

"Nshachoka kulima mwani baharini," akasema, "sasa naulima kwenye gari."

Nikacheka, yeye hakucheka. Wiki iliyotangulia alikuwa akirudi kwao Jambiani wakati wa magharibi, mvua inapiga mpaka barabara haionekani, taa hizo zinatoa mwanga kama wa mshumaa. Alipokaribia msitu wa Jozani akaiona gari ya ng'ombe mbele yake imeshafika puani. Alikanyaga breki, gari ikateleza ikaishia majanini. Hakuumia mtu. Lakini binti yake, Mwanaidi, alikuwa katika siku zake za kujifungua, na daktari ameshasema azalie mjini. Bi Zuwena ndiye wa kumleta, saa yoyote, kwa mvua yoyote. "Nnaogopa, Time," akanambia. "Sijawahi kuiogopa njia hii, lakini sasa nnaiogopa." Mafundi wawili wameshamwambia atupe anunue nyengine, na za gari ile hazipatikani kisiwani.

Kisha akasema neno lililonichoma. "Na hizi alinitengenezea Makame, Mungu amrehemu."

Nikazipindua. Kweli, tundu lako lilikuwepo, safi, mahali pale pale unapopenda.

Nikazifungua, nikatoa balbu, nikamwaga maji, nikasuuza. Zikabaki kukauka. Wewe ulikuwa ukizianika juu ya bati kutwa, lakini jua liko wapi masika hii? Nikipuliza kwa mdomo naongeza unyevu tu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Riziki, rafiki yangu, mwenye saluni ya wanawake Mlandege. Ana zile draya kubwa za kukaushia nywele, mtu anakaa chini yake, kama kofia za chuma. Nikazifunga taa ndani ya kanga nikenda nazo.

Ungeliona! Maharusi wawili wamekaa na rola zao kichwani, na katikati yao, chini ya draya ya tatu, taa mbili za gari juu ya mto. Mmoja akauliza, "Hawa nao wanaolewa lini?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Riziki akanambia nisiweke moto mkali. "Nywele zikiungua zinaota, hiyo plastiki yako haioti." Saa moja na nusu, mjomba, zikatoka kavu, zinang'aa kama glasi za sharubati!

Nikazirudisha, nikazifunga, Bi Zuwena akaondoka kwa furaha. Kesho yake mchana akarudi. Ukungu mzito ndani ya vioo vyote viwili, na matone yameanza kujikusanya chini.

Kombo alikuwa mlangoni. Akatazama taa, akanitazama mimi, akatazama chini. Ningependelea anitukane.

Bi Zuwena akauliza, "Sasa?" Nikamwomba aniachie taa mpaka kesho. Akakubali, akenda zake bila hizo taa, na mimi nikakaa kwenye kibao chako nikajiuliza ungelifanya nini. Nililijua jibu. Ungelisema, "Tundu dogo, litanue." Nikachukua drili. Nikaiweka ncha juu ya tundu, kidole kiko kwenye swichi. Na mjomba, kidole kilikataa. Nilijiuliza: kama tundu linatoa maji, mbona maji yamo?

Nikaiweka drili chini, nikaigeuza taa nyuma, nikaanza kuipapasa kama anavyopapaswa mgonjwa. Huko nyuma, juu kidogo ya balbu, pana kijipira kilichopinda, chenye uwazi kama mrija. Tumekiona mara ngapi mimi na wewe? Hatukukijali. Nikakichomoa, nikapuliza. Hewa haipiti! Nikaingiza ncha ya waya, likatoka donge la udongo, kazi ya nyigu. Na cha taa ya pili vile vile, kimezibwa na tope.

Nikarudisha kijipira cha taa hiyo ya pili kikiwa na tope lake vile vile, nikaiunga taa kwenye betri, nikaiwasha mezani mpaka ikapata moto. Nikaizima, nikaididimiza kwenye beseni, tundu lako tu likiwa ndani ya maji. Mjomba, ilinyonya! Nimeyaona kwa macho yangu, maji yakipanda kwenye tundu kama mtoto anayenyonya! Taa ikiwaka, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, inatoka. Ikirushiwa maji ya dimbwi inapoa ghafla, inataka hewa yake irudi. Mahali pake pa kupumulia pameziba, basi inavuta popote inapopata. Na wewe umeitobolea hapo chini, pale gurudumu linaporushia maji!

Nikaichukua ile taa ya kwanza, nikakirudisha kijipira chake kilichosafishwa, nikaliziba tundu lako kwa silikoni, nikangoja ikauke barabara, nikarudia. Moto, kuzima, beseni. Hakuna! Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Hata tone!

Nilipiga ukelele. Kombo akaja mbio, akakamata swichi kubwa akaizima, akidhani nimenaswa na umeme. "Time! Time! Uko hai?" Nikamvuta mkono mpaka kwenye beseni, nikamwonesha yote tangu mwanzo, na ile taa yenye tope na ile iliyosafishwa. Akachuchumaa hapo, suruali yake ya Ijumaa inalowa, hakujali. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mwisho akasema polepole, "Kwa hiyo baba..."

"Ndiyo," nikasema.

"Angelikasirika."

"Angelikasirika asubuhi. Adhuhuri angelikuwa anawafundisha mafundi wenzake kama yeye ndiye aliyeliona."

Tukacheka, mjomba, tukacheka sana, halafu nikaona mwenzangu anafuta macho. Na mimi nikageuka kulia kwangu, pale ulipokuwa ukikaa, nikafungua mdomo nikwambie. Nimefungua mdomo kabisa. Jina lako lilikuwa limeshafika ulimini. Na pale...

Basi. Nikaziba uso kwa kanga.

Siku ya pili nikaisafisha na kuiziba na ile taa ya pili, zote zikarudi kwa Riziki chini ya draya, nikabadilisha ringi za mpira za balbu, nikazifunga kwenye gari. Nikamwambia Bi Zuwena hivi: sitaki kukuahidi kitu kwa mdomo, tazama. Nikaziwasha, nikazizima, nikazimwagia ndoo tatu mbele yake. Akainama akachungulia kila kioo kwa muda mrefu. Akasema tu, "Inshaallah."

Jumamosi alfajiri mvua ilishuka ile ya kuangusha migomba. Nilikuwa nimeamka kusali, nikajua kwamba kama Mwanaidi atashikwa na uchungu, atashikwa leo. Sikula. Nikaja gereji mapema, nikasimama nje ya mlango uliofungwa, nikitazama barabara. Saa tatu hivi ikaja gari, tope mpaka madirishani, taa za bampa zinawaka mchana kweupe. Bi Zuwena hakusubiri kuisimamisha vizuri. Akatoa kichwa dirishani akaniita, "Timeee! Mtoto wa kiume! Kilo tatu na nusu! Nimeiona barabara yote, kila shimo nimeliona!"

Nikapiga magoti kwenye tope, nikaweka uso wangu karibu na kioo. Kavu. Kavu kabisa, mjomba!

Kombo alifika akatukuta mimi na Bi Zuwena tumekumbatiana katikati ya barabara, watu wanapiga honi. Akafungua mlango, kisha akautoa ufunguo kwenye pete yake akanipa mkononi. Makava ya simu, anasema, ataweka kwenye kabati pale mbele, na mimi nibaki na banda. Tangu jana nimefungua taa sita. Nne kati yake zina tundu lako. Wenyewe nawaambia ukweli: alitoboa kwa kuwa ndilo alilolijua, na kila nnachokijua mimi nimekitoa kwake.

Nimekukosa, mjomba. Nimekosa kubishana nawe. Ungenitolea hoja tano za kutetea tundu lako, nami ningekujibu zote.

Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu akunawirishie kaburi lako na akupe kivuli siku ya siku. Nami nakuahidi hivi: hapa hatatoka mtu na neno la "tupa" kabla mimi sijakifungua kitu chake nikakitazama kwa macho yangu. Na siku atakapokuja mtu kunionesha kuwa nami nimekosea, nitanyanyuka kitini, nitamwambia arudie.

Mpwa wako,
Time