Somo Uliyemngoja

Bibi Mwanahawa,

Shikamoo. Safari hii najua hutaitikia, wala hutaniaibisha mbele ya watu kwa lile jibu lako: "Marahaba, mume wangu." Nilikuwa nakasirika, wewe unacheka mpaka unashika mbavu.

Nilipewa jina la babu, Kibwana, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kule kwetu Kurui, Kisarawe, hapakuwa na jambo langu ambalo yeye hakuwa amelifanya kwanza. Nikinuna, ni Kibwana huyo. Nikipenda muhogo wa kuchoma, ni Kibwana. Siku mama aliponizaba kibao kwa sababu nakula kwa mkono wa kushoto, ulimpokonya mkono wangu ukasema, "Mwache! Huyu ndivyo alivyo tangu hajaja." Siku hiyo ulinifaa. Siku nyingine nilijiona kama mpangaji kwenye mwili wa mwenzangu.

Nilipofika sekondari nikawa mjuaji. Nilikufuata jikoni nikakueleza kwamba mtu huzaliwa hana kitu, hujitengeneza mwenyewe kwa yale anayochagua. Ulikuwa unamenya mihogo.

"Kwa hiyo na mimi nimejitengeneza?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona sikujiwekea meno ya kutosha?"

Nikatoka jikoni nimekununia.

Baadaye nikawa mpima ardhi. Naishi Visiga, na siku nyingi niko Mbwawa nawapimia watu viwanja vipya, kila mmoja na mawe yake ya mipaka. Naipenda kazi hii. Nadhani hata nafsi yangu niliitaka hivyo, iwe na mawe pembeni, asiingie mtu.

Ndiyo maana binti yangu alipozaliwa, ukoo mzima ukijua ataitwa Mwanahawa awe somo wako, mimi nikampa jina ambalo kwetu hajawahi kuwa nalo mtu: Liyana. Nikakupigia simu. "Nimempa jina lake mwenyewe, bibi." Nilikusikia ukiwafukuza kuku wako. Kisha ukasema, "Haya. Basi na aanze." Hukulitaja tena.

Masika iliyopita tukakuzika. Baada ya arobaini shangazi alifungua sanduku lako, akanitolea doti ya kanga ambayo haijakatwa bado.

"Hii alimwekea somo wake," alisema. "Akaniambia, asipopatikana, umpelekee huyo huyo mtoto wako."

Inaniuma, bibi. Nilidhani nakataa wazo la kizamani, na muda wote ule ulikuwa unamngoja mtu. Umeondoka bila kumwita mtoto yeyote kwa jina lako. Na kuna lingine sikulitegemea: hakuna aliyebaki anayekumbuka babu alivyokuwa akinuna, maana hata shangazi alikuwa mchanga babu alipofariki. Sasa mimi ni mimi peke yangu, kama nilivyotaka, na ni kidogo kuliko nilivyofikiri.

Juzi Liyana alijifunga kipande kimoja cha kanga ile, akakaa kibarazani anatafuna pindo huku anawaza, vile vile ulivyokuwa ukifanya. Alikuona mara chache tu, akiwa wa kubebwa. Sijui ni damu, ni majaliwa, au watoto wote hutafuna kanga. Zamani ningekuwa na jibu.

"Baba, jina langu lilikuwa la nani?"

"La kwako tu."

Alilitoa pindo mdomoni. "Kwa hiyo nikija kufa, kuna mtu atapewa?"

Nilimwambia huenda.

Akatafuna pindo tena. "Basi mumwambie mimi sipendi bamia."

Nilicheka, nikaingia ndani kutafuta simu nikupigie. Nilikuwa nimeshaishika ndipo nikakumbuka.

Ameanza, bibi, kama ulivyosema. Nasikitika hukuwepo kumsikia. Ningetamani umcheke, umwite jina lolote unalotaka, nami nisikae kati yenu.

Ukikutana na Kibwana mwenyewe huko, unisalimie. Mwambie nakula kwa mkono wa kushoto hadi leo, na nikiulizwa nimeurithi wapi, siku hizi namtaja.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Kibwana