Nimechoma nchi ya Rachelle

Mama Ngoie, upo? Nimechoma nchi ya mjukuu wangu Rachelle. Nchi nzima!

Kabla ya kupambazuka nilisikia karatasi ikipapatika mezani. Nikawasha taa: ramani! Mito, kambi, njia za askari. Unakumbuka mwaka wa tisini na nane, wakati wa vita: ukikutwa na ramani nyumbani, unaitwa muasi, unachukuliwa. Nikaitia kwenye mbabula, kwenye makaa ya moto.

Asubuhi rafiki wa Rachelle, Tshimanga, yule ambaye baba yake ni askari, akaja kuiulizia. Nikamwambia usoni: "Mutoto wa askari, unatuletea kifo!" Usoni, Mama Ngoie!

"Nkambo, bibi yangu, ni mchezo wetu!" Rachelle akalia. Kumbe wametunga dunia yao, wanarusha kete, kila mmoja anajifanya shujaa humo. Miezi mingi wameichora, na mimi nimeifanya majivu.

Nilikosa pa kuweka uso. Mutoto wa askari! Nilisema hivyo!

Tshimanga akapokea chai yangu kwa mikono miwili. "Rachelle, acha kulia. Tutasema ni joka njo ilichoma nchi. Joka yetu ilikosa jina, tutaiita Nkambo."

Alipoaga nikamshika mkono mlangoni: "Mwanangu, urudi kesho. Tafadhali, urudi."