Kikohozi cha Jenny

Jumatano, 11 Juni 2025

Likasi. Miaka ishirini na saba tangu vita vitufukuze Moba. Zéphirin, mtoto wa marehemu kaka yangu, anarudi huko na lori lake Jumamosi. Amenitengea nafasi mbele, karibu na dereva. Nyumba ya baba yake iko tupu, asema. Nilipaswa kufurahi.

Mjukuu wangu Jenny, miaka minne, amekohoa usiku kucha. Mafua, pua imeziba. Orpha, mama yake, aliingiza mbabula chumbani — jiko la makaa mekundu, sufuria ya majani ya kalitusi juu yake — akafunga dirisha. Nikaitoa.

“Papa, baridi njo inamukoholesha!”

Hapana. Moshi wa makaa. Chumba kikifungwa, unaua hata watu wazima.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeikuta mbabula ndani tena. Nimeitoa tena. Hatukugombana, nani ana nguvu? Matone ya maji ya chumvi puani. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala. Jenny akalamba kijiko pande zote.

“Kambo, bwana yangu, ongeza! Weye iko na choyo!”

Utani wetu, babu na mjukuu kuitana mume na mke: nikamwambia mke mlafi hurudishwa kwao. Akacheka, akakohoa mpaka akatapika.

Mwanangu Ricky, baba yake, karudi toka machimbo ya Kakontwe, vumbi la chokaa hadi kwenye nyusi. Aliuliza, nikienda, nani atakuwa anatoa mbabula. Orpha akamkazia macho.

Ijumaa, 13 Juni

Homa hana. Anakunywa maji. Kikohozi kile kile. Zéphirin kapiga simu, nimesema ndiyo.

Jumamosi, 14 Juni

Jana Jenny alishindwa kulala chali. Mito hatuna. Nikachukua sanduku langu, lililokwisha kufungwa kwa safari, nikalisukuma chini ya godoro, upande wa kichwa. Kifua kikainuka. Akalala — mara ya kwanza wiki hii! Orpha mwenyewe aliiacha mbabula uani, akajifunika vitenge viwili.

Sasa lori liko barabarani. Honi! Zéphirin ameingia na viatu vyake.

“Papa mudogo, twende, jua inapanda! Sanduku iko wapi?”

Orpha kanyoosha kidole tu. Jenny bado analala, mdomo wazi, anakoroma. Zéphirin akainama, akashika godoro.

Nimemwambia aache.

Amesimama mlangoni, ananitazama naandika. Sitarudi Moba.